Ngoma Haikunyamaza

Tangu lini mpiga ngoma akafungiwa kwenye kibanda kama kuku wa mayai? Nyundo alijiuliza hivyo Jumapili ile ya kwanza, na hakuna aliyemjibu kwa sababu hakuna aliyemsikia. Kibanda kilikuwa na kuta za plastiki ngumu inayoonyesha nje, juu kimefunikwa sponji nyeusi, na masikio ya Nyundo yalizibwa kwa vidude viwili vyenye waya. Aliona midomo ya watu ikifunguka na kufumba. Aliona mikono ikipigwa makofi. Lakini alichosikia kilikuwa ti-ti-ti-ti, kama bomba bovu linalodondosha maji kwenye sufuria, lisilopunguza wala kuongeza.

Nyundo lilikuwa jina la utani. Siku sita za wiki alikuwa fundi mwashi, siku ya saba alipiga ngoma kanisani, na watu walisema mzee huyu hajui kazi isiyo ya kugonga. Shule aliiacha darasa la nne. Barua ya ofisini akisomewa mara mbili bado anaitazama kwa shaka. Ila zege alilijua vile mama anavyoijua homa ya mwanawe, kwa kiganja tu.

Mambo ya kibanda yaliletwa na Bwana Mitambo, mkwe wa Mchungaji, aliyekwenda kozi ya mwezi mmoja akarudi na kompyuta mpya na maneno mapya. Siku ya mazoezi aliwakusanya wanamuziki jukwaani, akafungua kompyuta yake taratibu kama mtu anayefunua kitoto kichanga.

"Kuanzia sasa kila wimbo una treki," alisema. "Treki ni muziki uliokwisha kupikwa. Humu ndani kuna ngoma, vinanda, makofi, hata sauti za watu mia. Vingine ni vipande vifupi vinavyojirudia vyenyewe mpaka wimbo uishe. Nyie mnapiga juu yake. Masikioni mtasikia ti-ti-ti, hiyo ndiyo kasi. Na kuna sauti itawaambia: ubeti, kiitikio, maliza."

Mpiga besi, mzee mwenzake Nyundo, mwenye kitambi kilichofanya gitaa lake lilale chali, aliinua kidole. "Na Roho akitaka turudie kiitikio?"

"Kimepangwa kurudiwa mara sita."

"Aa. Kumbe Roho kapewa ratiba."

Wote wakacheka, hata Bwana Mitambo alicheka kidogo, cheko la mtu anayejua kuwa mwishowe ataonekana yuko sahihi.

"Na watu wakichoka?" aliuliza Nyundo. "Mimi nikiona wamechoka huwa naivuta ngoma nyuma kidogo, wanapumua, halafu tunapanda tena."

"Treki haichoki, mzee wetu."

"Sikuuliza habari za treki. Nimeuliza habari za watu."

"Na umeme ukikatika?" aliingilia mpiga kinanda, akiona maneno yanaanza kuchacha.

"Kuna betri za akiba kwenye spika na kompyuta. Hata mji wote uzime, ibada haikatiki." Alisema hivyo akiigonga meza, na Nyundo akahisi kitu kimemtambaa mgongoni, asijue ni nini.

Alikuja kujua Jumapili.

Kule nyuma ya kanisa, juu ya mlango mkuu, kulikuwa na roshani mpya. Ilitoka ukuta hadi ukuta, na mbele ilibebwa na nguzo mbili tu, nyembamba kama miguu ya korongo, kwa sababu kamati ya ujenzi haikutaka nguzo nene zizibe macho ya watu. Nyundo hakuijenga. Kazi ilipewa mkandarasi mwenye gari zuri. Lakini alipita pale siku ya tisa baada ya zege kumwagwa, akakuta mirunda, ile miti iliyolishikilia zege, inang'olewa, kwa vile siku ya kuzindua ilikwisha kutangazwa na wageni walikwisha kualikwa. Aliweka kiganja chini ya zege. Lilikuwa bado na ubaridi wa ndani, ule unyevu wa kitu ambacho hakijakubali kuwa jiwe.

"Hii iachwe wiki tatu kwa uchache," alimwambia Mwenyekiti wa ujenzi. "Nne ndiyo vizuri."

Mwenyekiti alimpigapiga begani. "Nyundo, ndugu yangu, wewe tupigie ngoma. Mambo ya zege yana wenyewe."

Basi akanyamaza. Akajilaumu baadaye, akawalaumu wao zaidi, kwa sababu kunyamaza ndiko walikomfundisha. Hospitali walimwambia anyamaze pia, miaka miwili nyuma, mkewe akiwa amelala kwenye benchi la korido anavuta pumzi kama anayevuta kamba nzito kisimani. Mtungi wa hewa ulikuwepo. Ulikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na mwenye ufunguo alikuwa kikaoni. Subiri, mzee, kikao kinaisha sasa hivi. Kikao kiliisha. Na mkewe pia.

Jumapili hiyo ya treki, kwaya yote ilihamishiwa roshani, eti ili sauti zao zisiingie kwenye maikrofoni za jukwaani. Waimbaji ishirini na saba, kila mmoja na kidude sikioni, na nyuma yao vijana kama hamsini waliopelekwa huko ili kamera ione watu mpaka juu. Aliyeiongoza kwaya, amesimama mbele kabisa kwenye ukingo, alikuwa binti yake Nyundo, mtoto wake wa pekee, fundi cherehani mwenye sauti ya mama yake na ubishi wa baba yake.

Nyimbo mbili za mwanzo zilipita salama. Ya tatu ilikuwa ile ya kuruka.

Wimbo ule Nyundo ameupiga miaka kumi na moja. Watu waliruka, ndiyo, lakini waliruka kama watu: huyu juu, yule chini, mwingine kasimama anafunga kiatu. Ngoma ya Nyundo ilikuwa na pumzi, inakimbia kidogo, inalegea kidogo. Sasa treki ilishika usukani. Besi iliyotoka kwenye spika kubwa za chini iliingia miguuni kabla haijafika masikioni, na watu wote, chini na juu, wakaanguka kwenye pigo moja. Miguu mia na hamsini ya roshani ilitua kwa pamoja. Ikapanda kwa pamoja. Ikatua.

Nyundo akatazama mbele. Chini ya roshani kulikuwa na taa ndefu zinazoning'inia kwa minyororo, na zote zilikuwa zinabembea. Si kutikisika. Zilibembea, kwenda na kurudi, kama zimekubaliana.

Kila aliyewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea anajua. Ukisukuma ovyo ovyo, bembea haiendi popote. Ukisukuma kila inaporudi, kwa wakati uleule, hata kwa kidole, inapanda mpaka mama mtu anapiga kelele. Nyundo hakuwa na hesabu za kulieleza jambo hilo, lakini aliliona kwa macho yake: ule ukingo ulikuwa unapumua. Na vumbi jeupe, jembamba kama unga, lilikuwa linamwagika pale nguzo ya kushoto ilipokutana na zege.

Akaivuta ngoma nyuma. Miaka yote akifanya hivyo kanisa zima linamfuata. Safari hii masikioni ikawa vurugu, ti-ti-ti huku, fimbo zake kule, na sauti ya yule mtu asiyekuwepo ikasema kwa upole, "Kiitikio. Mbili. Tatu. Nne." Watu hawakupunguza kitu. Akaivuta zaidi. Kule nyuma Bwana Mitambo akainua macho kwenye meza yake ya sauti, akakunja uso, akashusha kitu kwa kidole kimoja.

Hapo Nyundo akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Aliweka fimbo chini. Akaweka mikono magotini.

Na ngoma haikunyamaza.

Iliendelea kupiga, nene, safi, bila kukosea, na watu wakaendelea kuruka. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Mchungaji, hatua nne kutoka kibandani, alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Nyundo alikaa nyuma ya plastiki, mikono mitupu, anatazama binti yake akipanda na kushuka juu ya kile kitu kilichokuwa kinapumua, na akaelewa kwamba hata angefia pale kwenye kiti, wangemgundua wakati wa kufagia.

Wimbo uliisha wenyewe, dakika ileile uliyopangiwa kuisha. Taa zilichukua muda kutulia.

Baada ya ibada alimfuata Mwenyekiti ofisini. Bwana Mitambo alikuwemo, anakunja nyaya.

"Roshani inacheza," alisema Nyundo kabla hata ya kukaa. "Ishusheni kwaya chini. Au huo wimbo upunguzeni kasi. Kimojawapo."

"Mhandisi aliipitisha," alisema Mwenyekiti.

"Mhandisi yupi? Yule aliyekuja na viatu vyeupe akakataa kushuka garini?"

Bwana Mitambo alitaka kucheka, akakohoa. "Mzee wetu, leo umesimama katikati ya wimbo. Nimekuona."

"Wewe peke yako. Ndilo ninalokwambia! Ngoma imesimama na watu hawajui. Zamani hiki kitu kilikuwa na breki, breki ilikuwa mimi."

"Kasi haibadilishwi ovyo, kila kitu kimefungwa pamoja, taa, maneno ya ukutani..."

"Basi fungueni."

Mwenyekiti alimtazama kwa ile huruma ya watu wenye viti vya kuzunguka. "Nyundo. Tangu shemeji atutoke, umekuwa mtu wa kuona maafa. Tunakuelewa. Kamati itakaa, italitazama."

"Itakaa lini?"

"Mwisho wa mwezi kuna kikao."

Neno lile. Nyundo alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye nywele. "Mke wangu alikufa mtu akiwa kikaoni," alisema taratibu. "Na nyie mko kikaoni. Nyie mmezaliwa kikaoni, mtazikwa kikaoni, na anayekufa katikati ni mwingine."

Halafu Bwana Mitambo akasema, bila hata ubaya, kama mtu anayemsogezea mgeni kiti, "Labda mzee wetu apumzike Jumapili mbili tatu. Ngoma zimo kwenye treki. Hakutakuwa na pengo."

Ndivyo alivyofukuzwa. Kwa upole, na ilikuwa kweli: hakukuwa na pengo.

Binti alikuja nyumbani kwake siku ya tatu, jioni, jua bado lipo, amebeba chakula kwenye bakuli lenye mfuniko na hasira isiyo na mfuniko.

"Baba, umewaita wazee wa kanisa wauaji?"

"Sikutamka neno hilo."

"Wanasema."

"Wao wanasema mengi. Waliniambia na mama yako atapona."

Aliweka bakuli mezani kwa kishindo. "Usimwingize Mama. Kila kitu unamwingiza Mama. Bomba likipasuka, Mama. Bei ikipanda, Mama. Sasa roshani. Baba, wewe kila kitu unakiona kinaanguka!"

"Mimi fundi, mwanangu. Kazi yangu ni kuona kinachoanguka kabla hakijaanguka. Kikishaanguka hata mpumbavu anakiona."

Akakaa. Alikuwa na mikono ya mama yake pia, ile ya kukunja kitu hata pasipo na kitu, na sasa ilikuwa inakunja pindo la kanga. "Tumesimama pale Jumapili nzima," alisema. "Sikusikia chochote."

"Ungesikia nini na masikio yameziba? Wewe ulisikia ti-ti-ti. Nami vilevile. Lile jengo lilikuwa linaongea na sisi tumezibwa kama chupa." Alisogeza kiti. "Sikuombi uache kuimba. Nakuomba vitu viwili, mama. Wimbo wa kuruka ukianza, vua viatu. Na utoe hicho kidude sikioni. Dakika moja tu. Usiposikia kitu, rudisha, na mimi nitakwenda kwa Mwenyekiti kwa magoti."

"Nikikitoa nitapotea. Treki haingoji mtu."

"Potea."

Binti akafungua bakuli. Alikula naye, akaosha bakuli, akaondoka. Mlangoni akasema tu, "Nyanya zako zimeoza kwenye ile ndoo, zitupe," na Nyundo hakujua kama hilo lilikuwa jibu la ndiyo au la hapana.

Siku ya Jumamosi asubuhi aliingia kanisani wakati wafagiaji wakipiga deki. Alikuwa na mwiko, na plasta kidogo kwenye kopo la rangi. Alipanda ngazi ya mbao mpaka kichwa cha nguzo ya kushoto. Ufa ulikuwepo, kama alivyojua utakuwepo, mwembamba kiasi cha kupitisha ukucha. Akapaka plasta juu yake, kipande cha kiganja, akakilainisha mpaka kikang'aa. Mafundi hufanya hivyo wanapotaka kujua kama ufa umelala au unatembea. Plasta haina hila. Ufa ukitembea, plasta inapasuka. Akashuka, akawaamkia wafagiaji, akaenda zake. Nguzo ya kulia hakuigusa, hakuwa na moyo.

Jumapili alifika mapema, akakaa benchi la nyuma kabisa, chini ya roshani, kando ya nguzo. Mhudumu wa mlangoni, jirani yake wa siku nyingi, alimwinamia.

"Nyundo, leo unakaa huku? Mbele kuna nafasi."

"Hapa pananitosha."

"Wameniambia nikuangalie. Usiniletee taabu, kaka. Nina watoto."

"Wako wapi watoto?"

Mhudumu alinyoosha kidole juu.

Nyundo akataka kusema kitu. Muziki ulianza. Akaegemeza kiganja kwenye nguzo, pale chini, na akakiacha hapo. Wimbo wa kwanza, nguzo ilikuwa nguzo. Wa pili, ilikuwa na mnong'ono, kama paka anayelala. Jukwaani kibanda cha plastiki kilikuwa kitupu, kiti kimerudishwa vizuri, fimbo zimewekwa juu ya ngoma kama mapambo, na ngoma zikipigwa.

Wa tatu ukaanza.

Kiitikio cha kwanza. Taa zikaanza safari yake, kwenda na kurudi. Cha pili. Nguzo ikaacha kunong'ona, ikaanza kusukuma, inausukuma mkono wa Nyundo na kuuvuta. Akainua macho. Plasta yake ilikuwa nzima. Cha tatu. Plasta ilipasuka katikati bila sauti yoyote, mstari mmoja mweusi, kisha nusu ya chini ikabanduka na kumdondokea gotini.

Alisimama. "Shukeni!" alipiga kelele. "Shukeni huko juu! Shukeni!"

Hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Besi ilimeza neno kabla halijatoka kinywani. Mwanamke wa benchi la mbele yake aligeuka, akaona mzee ameinua mikono, anapiga kelele, machozi yanamtoka, akatabasamu na kuinua ya kwake. Nyundo akakimbilia meza ya sauti. Wahudumu wawili walimkamata hatua tatu kabla hajafika, mmoja huku mmoja huku, kwa adabu, wanamnong'oneza sikioni. "Taratibu, mzee. Tunajua. Tunajua." Bwana Mitambo hakuinua hata macho. Hata umeme ungekatwa, kulikuwa na betri. Yote yalifikiriwa.

Kiitikio cha nne.

Alipogeuza shingo kutazama roshani, alimwona binti yake amesimama. Wote wanapanda na kushuka, yeye amesimama wima kwenye ukingo, kimo chake kinapungua na kuongezeka kwa vile sakafu ilimpandisha na kumshusha yenyewe. Mkono wake ulikuwa sikioni. Ukavuta. Waya ukaning'inia begani. Nyundo aliona uso wa mwanawe ukibadilika, kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemtarajia.

Aligeukia kwaya, akapiga makofi, akaonyesha ngazi. Waimbaji wakamtabasamia, wakadhani ni ishara ya kuongeza nguvu, wakaongeza. Akamshika mmoja mkono, akamng'oa kidude. Yule akakichukua kwa hasira akakirudisha. Akamvuta mwingine. Huyo akang'ang'ania reli ya ukingo, anamtazama kama amepagawa. Kiitikio cha tano kikaita na mikono yote ikapanda.

Binti akatoweka kwenye ukingo. Nyundo alihesabu pumzi zake mwenyewe, moja, mbili, nne, sita, mpaka mlango mdogo wa ngazi ukafunguka kule chini na mwanawe akatoka, peku, viatu mkononi, uso umepauka kama unga. Wahudumu wakalegeza mikono kwa mshangao. Akaja moja kwa moja, akaweka mdomo sikioni kwa baba yake.

"Inasaga," alisema. "Baba, ndani mle inasaga, kama meno."

"Najua."

"Nimewaambia. Hawasikii. Wote wameziba."

Nyundo alimshika kichwa kwa mikono miwili, mara moja, kwa nguvu, kama anayehakikisha kipo. Amempata. Alichokitaka kwa Mungu wiki nzima alikuwa nacho mikononi, na hakikumtuliza, kwa sababu juu ya kichwa cha mhudumu wa mlangoni alikuwa anaona watoto wawili wenye mashati ya rangi moja wakiruka bega kwa bega.

"Nenda mbele, mbali na roshani," alimwambia mwanawe.

"Siendi popote bila wewe."

"Basi shika upande ule. Mimi huu. Waliozibwa masikio wako juu. Hawa wa chini wana masikio, na wana mikono ya kushikwa."

Wakarudi pamoja chini ya roshani, vumbi sasa likiwaangukia mabegani bila kujificha. Nyundo akaanza na mhudumu, jirani yake. Hakumwambia neno. Alimkamata kiganja, akakibandika kwenye nguzo, akakigandamiza hapo kwa mkono wake mwenyewe, akamtazama machoni mpaka tabasamu lilipomtoka. Mhudumu akang'oa mkono, akazikimbilia ngazi akiita majina ya wanawe. Nyundo akamgeukia yule mwanamke wa benchi lililokuwa mbele yake, akamwinua kwa bega, na jukwaani, ndani ya kibanda kitupu, ngoma ikaingia kiitikio cha sita.